Siku Niliyotia Samli Kwenye Breki

Nichekeni mapema tumalizane, maana hata nikisimulia kwa upole namna gani mwishoni mtacheka tu, na mimi nimeshazoea, hapa Kanoni kuna watoto waliozaliwa baada ya siku ile na bado nikipita wananusa hewa halafu wanatazamana. Nilimkumbatia mama mkwe wangu. Sikumpa mkono, sikumgusa bega kwa bahati mbaya, nilimkumbatia kwa mikono miwili, kifua kwa kifua, juu ya kahawa ya watu, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima ya ushirika. Kama wewe si mtu wa huku utauliza kuna ubaya gani, na mimi nitakujibu kwamba kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawagusani, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye migomba mpaka mwenzake apite, na kama kuna neno la kuambizana linapitia kwa mtu wa tatu hata kama wamekaa hatua mbili tu. Ni heshima. Heshima hiyo mimi niliimaliza yote kwa mara moja, na kisa chenyewe ni breki ya baiskeli.

Nianze na mke wangu Editha, maana bila yeye hakuna mama mkwe. Editha nilimtorosha. Siwezi kulipamba hilo. Kwao ni Nyakatuntu, nilikwenda kule kununua ndizi, nikarudi na ndizi na Editha. Baba yake alishafariki, mama yake akabaki ndiye mwenye mji, na mama yule hakuja kupiga kelele wala hakutuma wazee, alinyamaza tu. Editha angefurahi kutukanwa. Alipojifungua Jovin, mtoto wetu wa kwanza, alikuwa anatazama njia kila jioni, kwa sababu mama mzazi ndiye anayekuja kumkanda binti yake na kumpikia uji, na hakuja mtu, nikamkanda mimi (vibaya, nilimuunguza kidogo, lakini hilo ni kisa kingine).

Jovin alikuwa ameshaanza kukimbiza kuku ndipo mfanyabiashara mmoja wa maharage alipotuletea chungu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba. Ndani samli ya ng'ombe, ya kwao, nyeupe, inanukia mpaka uani. Na ujumbe: Jumamosi nitakuja kumwona mtoto. Editha alikaa chini palepale mlangoni akalia, mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye shamba la kahawa. Kisha akakiweka chungu juu ya kabati akaniambia, "Baba Jovin, hii mtu asiiguse. Nitampikia mama kwa samli yake mwenyewe, aone nimeitunza."

Nikasema sawa. Nilimaanisha kabisa.

Sasa baiskeli. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, na wakati ule baiskeli zetu zote zilikuwa zile nyeusi za breki za vyuma, ukibana zinapiga yowe ndipo zinafikiria kusimama. Lakini Editha alikuwa na baiskeli ambayo tangu hapa mpaka Nyakahanga haikuwa na mwenzake. Kuna Mzungu alikuja kipindi cha wakimbizi, akapanga nyumba jirani yetu, Editha akawa anampikia, siku ya kuondoka akamwachia baiskeli yake ya milimani. Breki zake zilikuwa za mafuta kama za gari. Katikati ya gurudumu kuna sahani ya chuma, na pembeni ya sahani kuna pistoni mbili ndogo za mviringo, huku moja na huku moja, ukibonyeza mkono wa breki mafuta yanazisukuma zinaibana sahani, ukiachia zinarudi. Watu walikuwa wanakuja kuiangalia kama wanavyokuja kuangalia mapacha.

Pistoni moja ya mbele ikaanza kugoma. Mwenzake anatoka anarudi, yeye amenata, kwa hiyo sahani ikawa inasuguliwa upande mmoja na gurudumu linalia kama mbuzi aliyefungwa. Mzungu alikuwa amemwelekeza Editha dawa yake: unatoa gurudumu, unabonyeza breki kidogo tu pistoni zichungulie, unazifuta vumbi, unazipaka tone la mafuta yake maalumu, unazirudisha kwa kijiti bapa, unarudia hivyo, na ile nyepesi unaizuia kwa kijiti ili ile nzito ilazimike kutoka. Alimwachia na kichupa cha mafuta hayo. (Kichupa nilikuwa nimekimaliza kupaka bawaba za mlango wa jiko. Mlango ulikuwa hausikiki kabisa, niliusifia sana.)

Ijumaa Editha akasema mzigo wa mama kesho tutaubeba kwa baiskeli ya jirani yetu Laurenti, hii iacheni. Angeishia hapo ningenyamaza. Lakini akaongeza, "Hii ina ufundi wake." Hapo ndipo nilipoona nimetukanwa. Mimi ambaye nimefungua redio, nimefungua saa ya ukutani, nimefungua kufuli la kanisa (halikufungika tena, lakini nililifungua), nishindwe na pistoni yenye ukubwa wa kifuniko cha soda? Editha akaenda mtoni kufua, mimi nikatoa gurudumu.

Kubonyeza kidogo nilibonyeza. Ile nyepesi ikachungulia, ile nzito ikatulia. Nikabonyeza tena. Nyepesi ikatoka zaidi, nzito ikatulia. Kijiti cha kuzuia nilikuwa nakijua, kilikuwa karibu, lakini nikajiambia kwamba ikiona mwenzake ametoka na yenyewe itaona aibu itoke. Nikaminya mkono wa breki kama ninayekamua ng'ombe mbishi. Pistoni nyepesi ikaruka nje, ikanipiga kidevuni, na mafuta yote yakaja kwenye shati.

Sasa nina breki isiyo na mafuta. Mafuta ya taa nikayakataa, najua yanakula mpira. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamekwisha. Mafuta ya breki ya gari yanapatikana Omurushaka, na Editha anarudi muda si mrefu. Ndipo nikanyanyua macho nikakiona chungu juu ya kabati. Na jamani, nioneeni huruma, mimi nimelelewa na samli. Kisigino kikipasuka, samli. Pete ikinasa, samli. Mtoto akiziba pua, samli. Ngozi ya ngoma ikikauka, samli. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuona kitu kilichonata kikapakwa samli kikaendelea kunata. Nikasema nachota vijiko vitatu tu.

Niliiyeyusha kwenye sufuria, ikawa nyepesi kama maji, nikarudisha pistoni, nikaimimina juu kwenye kikopo cha mafuta huku natoa hewa kwa ile skrubu ndogo ya chini, nikabonyeza. Zikatoka zote mbili. Zikarudi zote mbili. Hata ile mbishi ilikuwa inateleza. Jua lilikuwa kali, gurudumu linazunguka bila sauti, nikaona si haki breki ya nyuma kuiacha na mafuta ya zamani, nikaifanyia na yenyewe. Vile vijiko vitatu vikawa nusu ya chungu. Nikajipa moyo kwamba kesho asubuhi kule juu barabarani wanapita akina mama wauza samli, nitanunua nyingine nijazie kabla mtu hajafunua.

Asubuhi ya Karagwe mnaijua. Ukungu umelala kwenye migomba na ukiongea unatoa moshi. Editha alimbeba Jovin mgongoni akatangulia kupanda kwenda barabarani kumpokea mama yake, akiwa amevaa kitenge kipya na uso ambao sikuwa nimeuona tangu nimtoroshe. Jana yake jioni nilikuwa nimemzungushia gurudumu, halikulia, akadhani nimetumia kile kichupa, akakubali hii ndiyo ibebe mzigo, tukapatana nimletee Laurenti pale kituoni, yeye afunge mzigo, halafu mimi nipotee kwenye kahawa kama mkwe anayejua adabu. Nikaishika baiskeli nikaisukuma. Haikwenda. Nikabonyeza breki ili ilegee, mkono wa breki ukawa mgumu kama jiwe, nikautumia nguvu, ukaingia, na haukurudi.

Samli ilikuwa imeganda. Kwenye baridi ile ilikuwa imerudi kuwa kile ilichokuwa chunguni, na pistoni zote nne zimeshikilia sahani kama kupe. Mwenye akili angeiacha pale. Mimi nikaona nikifika juu mikono mitupu Editha atauliza baiskeli iko wapi, na swali hilo litazaa swali la samli, basi nikaitia begani nikaanza kupanda mlima kwa njia ya ng'ombe, ambayo mwenye mzigo kichwani haipiti. Kila niliyekutana naye alinisalimia, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Mzee mmoja nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama mpaka nikampita, akasema, "Waitu, ndugu yetu, leo zamu yake kukupanda?"

Nilifika kituoni jua limetoka na Laurenti akaniambia nimechelewa, pikapu imefika zamani, mama ameshuka, amesubiri baiskeli, mwishowe amejitwisha mzigo mwenyewe kichwani wameteremka. Alisema hivyo polepole ili niumie vizuri. Nikauliza wamepita njia gani. Akasema ya mkato nadhani, ile ya kwenye migomba. Akilini mwangu nikaona picha yote: wanafika nyumbani, Editha anapanda kigoda, anashusha chungu, anakifunua mbele ya mama yake.

Nikamkimbilia mama muuza samli, akanifungia samli kwenye jani la mgomba, nikaitia kifuani ndani ya shati, nikapanda baiskeli nishuke kwa barabara ya gari niwatangulie. Laurenti aliniuliza kama breki zimepona. Nikamwambia zinashika sana.

Na kweli zilishika. Mwanzoni nilikuwa nakanyaga pedeli kwenye mteremko kama ninayepanda mlima, gurudumu linasuguka, linalia, natoka jasho. Lakini sahani ikisuguliwa inapata moto, na samli ikipata moto mnajua inachofanya. Kwanza ikaja harufu. Nikafikiri kuna nyumba wanakaanga kitu, nikawaonea wivu. Nikapita nyumba hiyo, harufu ikaja nami. Akatoka mbwa mmoja, akanusa, akaanza kukimbia pembeni yangu kwa furaha kabisa, wala habweki. Akatoka wa pili. Kisha nikasikia baiskeli imekuwa nyepesi ghafla, kama mtu aliyekuwa ananivuta shati ameniachia, na upepo ukaanza kunitoa machozi. Nikabonyeza breki ya mbele, mkono ukafika mpaka kwenye usukani bila kukutana na kitu. Nikabonyeza ya nyuma, hivyohivyo. Nikaangalia chini nikaona samli inamwagikia sahani, na sahani inang'aa vizuri sana.

Kona ya kwanza niliipita kwa rehema za Mungu. Ya pili ndiyo inayotokea kwenye uwanja wa ushirika, na siku ile ilikuwa siku ya kupima kahawa. Watu walikuwa wamejaa, mizani imening'inia, kahawa ya maganda imemwagwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa barabara, na katikati ya barabara yenyewe kundi la akina mama wanasalimiana na mgeni. Hawakupita njia ya mkato. Walipita barabara ya gari, na watu wa ushirika walivyoona mama yake Editha amekuja walimshika kwa salamu, na salamu zetu haziishi kabla hujaulizwa habari za migomba yako. (Laurenti mpaka leo anaapa kwamba alisema "nadhani".)

Nikapiga kelele pisheni, pisheni, sina breki. Watu wakapisha. Editha alinitambua sauti, akaruka na Jovin pembeni, na kwa kuwa ni binti aliyelelewa akamwambia mama yake, "Mama, mkweo huyo anakuja."

Hilo ndilo lililotumaliza. Mama alisikia neno mkweo, na kama mwanamke mwenye adabu zake akageuka papo hapo, akaufunika uso wote kwa kitenge, akasimama kimya katikati ya barabara anisubiri nipite. Na mimi nilipomtambua, badala ya kumtazama nijue naelekea wapi, nikageuza uso pembeni nisimwone. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, ndugu zangu. Watu wawili wanaheshimiana, mmoja amejifunika, mwingine anaangalia migomba, katikati yao mteremko.

Nakumbuka mtu mmoja akisema "mawe", ile "mama yangu" ya kwetu, kwa sauti ya chini. Baiskeli iligonga ukingo wa jamvi, ikabaki hapo, mimi nikaendelea. Nilinyoosha mikono nijizuie na nilichokipata ni mama mkwe, tukaenda wote mpaka kwenye rundo la kahawa, na nilipofumbua macho nilikuwa nimemshika barabara, na ile samli ya kwenye jani imepasuka kati ya kifua changu na chake. Kisha mbwa wakafika. Sisemi mengi kuhusu mbwa. Walitulamba wote bila kubagua.

Karani wa mizani alikuwa ameshika gunia la mtu hewani na hakuliweka chini. Niliachia, nikabingirika pembeni, nikampa mgongo. Mguu ulikuwa unawaka moto lakini aibu ilikuwa kubwa zaidi. Nyuma yangu nikasikia sauti ya mama, imetulia kabisa.

"Editha. Muulize huyo mtu kama ameumia."

"Baba Jovin, mama anauliza kama umeumia."

"Mama Jovin, mwambie mama ni mguu tu. Mwambie shikamoo."

"Mama, anasema ni mguu tu. Anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Muulize hii samli ni ya nani."

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri hata, lakini kwa hali ile, kahawa imeniingia masikioni na mbwa amenilalia miguuni, nguvu za kudanganya sikuwa nazo. Nikasema, "Mama Jovin, mwambie mama iliyo kwenye nguo zake ni ya sokoni. Ya kwake mwenyewe ndiyo ile inayotiririka kwenye breki."

Editha hakuifikisha. Alinitazama, akaelewa, akakitazama kile kitenge chake kipya kana kwamba amekivaa bure, na machozi yakaanza kumtoka. Watu waliokuwa wanajizuia wakashindwa, uwanja ukalipuka kwa kicheko, karani akaangusha gunia. Mama akasimama. Akajikung'uta kahawa, akafunga kitenge upya, akaokota mzigo wake, akageukia kule juu, kule pikapu zinakopita. Editha akasema "Mama" mara moja tu, kwa sauti ambayo mimi mumewe sijawahi kuisikia, na kicheko kikakatika. Hapo nilijua nimefanya nini. Kumgusa mama ilikuwa aibu yangu mimi. Lakini ile sauti ya Editha, hiyo ilikuwa ya tangu siku niliyokwenda Nyakatuntu kununua ndizi.

Mama alitembea hatua chache akasimama. Akajinusa mkono. Akajinusa kitenge. Mbwa mmoja alikuwa anamfuata nyuma akiwa na matumaini.

"Sasa nitapandaje gari la watu hivi," akasema. "Nanuka kama chungu. Editha, kwako kuna maji ya kuoga?"

Editha akasema yapo.

"Basi nipeleke nikaoge. Na mtoto mpe mtu ambebe, wewe chukua mzigo, mgongo unaniuma." Kisha, akiwa ameshageukia chini, "Yule mwambie akae hukohuko na baiskeli yake."

Nilikaa. Walipotangulia nikachechemea nyuma kwa mbali mpaka kwenye kahawa yetu, nikajificha humo bila chai wala chakula, mguu umevimba. Nikasikia maji yanamwagwa nyuma ya nyumba, nikamsikia Editha anamsugua mama yake mgongo, wananong'ona. Halafu mama akacheka. Editha naye akacheka, wakawa wanapokezana, mmoja akinyamaza mwingine anaanza, na nilisikia jina langu humo mara nyingi na halikutajwa kwa wema. Sijawahi kufurahia kuchekwa namna ile. Nililia kidogo, na msiniulize kama ni mguu.

Mama alikaa kwetu mpaka ndizi za upande wa juu zikakatwa zote. Wazee wakasema lazima aibu ile ioshwe, nikatoa mbuzi, nikamtoa bila kubisha, nikaongeza na rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukainywa mimi upande wa mbele wa nyumba na yeye upande wa nyuma. Tangu hapo anakuja kila baada ya mavuno. Mimi naye hatujaongea uso kwa uso, na sidhani kama tutaongea, ila mwaka uliofuata alituma vyungu viwili, na Editha akaambiwa kimoja asinionyeshe.

Breki sizigusi tena. Ikilia, ikinata, hata ikikohoa, naipeleka kwa mwenye kazi yake na nakaa mbali nisimshauri. Na nikisikia mama yupo kwetu, nikifika pale juu kituoni nashuka, naikokota baiskeli mteremko wote mpaka nyumbani, na wapita njia wakiniuliza kwa nini mtu mzima anakokota baiskeli nzima kwenye mteremko, nawajibu kwamba nyumbani kuna mgeni.